Visa: kwani wao wakija huulizwa kama watarudi? Uzi wa historia kutoka Likoni

1/
Kila msimu wa siasa ukifika huku kwetu Pwani, ahadi mbili hazikosi jukwaani. Ya kwanza ni daraja la Likoni. Ya pili ni visa: ati vijana watafunguliwa milango ya majuu na Arabuni, na "hatutakubali tena kudharauliwa na mabalozi". Watu hupiga vifijo. Kisha spika hushushwa, na maisha yakaendelea vile vile.

Leo naandika kuhusu hiyo ahadi ya pili. Sitataja mwanasiasa wala chama. Mkianza kutajana huko chini, hayo ni yenu. Uzi ni mrefu kidogo, wekeni chai.

2/
Kwanza niseme kwa nini jambo hili lanigusa. Kaka yangu anaishi Ulaya. Mwishoni mwa 2024 alipata mtoto wake wa kwanza. Mama, mtu wa Mtongwe, akaalikwa aende wiki sita amsaidie wifi yangu na amuone mjukuu. Visa ya matembezi tu, si kazi, si kuhamia.

Tukakusanya kila kitu: barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya safari, nafasi ya ndege, hati ya nyumba. Alfajiri Mama akavuka feri, akapanda matatu mpaka Miritini, akachukua SGR kwenda Nairobi kuwekwa alama za vidole.

3/
Baada ya wiki tatu pasipoti ikarudi na karatasi. Ina orodha ya sababu zilizochapwa tayari, na kisanduku kimoja kimetiwa alama. Kwa ufupi chasema: tuna shaka kama utaondoka kabla ya visa yako kwisha.

Mama ana miaka 68. Ana nyumba, ana mbuzi, na ndiye mweka hazina wa chama cha wamama. Akaisoma ile karatasi mara mbili, akanitazama, akauliza: "Kwani wao wakija Shelly Beach, huulizwa kama watarudi kwao?"

Siku ile sikuwa na jibu. Uzi huu ndio jibu langu.

4/
Tuanze mbali. Kwa karne nyingi aliyeamua nani aje huku na lini alikuwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha. Mgeni alikaa miezi akingoja upepo ugeuke, na wengine walioa, wakazaa, wakabaki. Hata mwaka 1938 hadi 1939, Mwaustralia Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait lililopita Mombasa na Zanzibar, akaandika kitabu, Sons of Sindbad.

Lakini tusidanganyane na hadithi za bahari huru. Katika majahazi hayo hayo walikuwamo watu waliobebwa bila kuulizwa.

5/
Hapa ndipo karatasi inapoingia, tena hapa hapa Kisauni. Mtaa wa Kengeleni waitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa watu waliookolewa utumwani. Wengine walitoroka mabwana zao wakakimbilia misheni, hasa Rabai.

Mwanzo wa 1889, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Pwani iliwalipa mabwana fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Fikirieni hilo. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile. Bila karatasi ni mtoro. Akiwa nayo ni mtu huru, aweza kutembea.

6/
Karatasi ya pili mwaijua kwa jina: kipande. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimika kubeba hati yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ukiacha kazi bila mwajiri kukutia sahihi, wewe ni mhalifu.

Mzungu hakubeba kipande. Kwa hivyo tukisikia leo "toa alama za vidole, onyesha barua ya mwajiri", baadhi yetu damu huchemka, na si bure. Babu zetu waliombwa hayo hayo ndani ya nchi yao.

7/
Sasa pasipoti. Kabla ya 1914 mtu aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuonyesha pasipoti. Vita vikaja, serikali zikaogopa majasusi, zikadai hati mpakani. Vita vikaisha, hati zikabaki. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa likakutana Paris na kukubaliana sura moja ya pasipoti.

Visa ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichoonwa: karatasi yako imeonwa, imekubaliwa. Ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Hata ukiwa nayo, afisa wa mpakani bado aweza kukurudisha.

8/
Mambo haya tuliyapokea tukiwa hatuna kauli. Ukanda wetu wa Pwani ulikuwa kwa sheria ni wa Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Mwingereza tangu 1895, na bendera ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka 1963. Bara likawa koloni mwaka 1920. Mtu wa Likoni na mtu wa Nyeri walitawaliwa na gavana mmoja lakini vyeo vyao vya kisheria vilikuwa tofauti.

Uhuru ulipokuja, sote tukapata pasipoti moja ya Kenya. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini milango ya nje nayo ilikuwa imeanza kufungwa.

9/
Sheria ya Uingereza ya 1948 iliwaruhusu raia wa Uingereza na makoloni yake kuingia huko bila kibali. Mwaka 1962 ikapunguzwa. Kisha ikaja 1968.

Wahindi wengi wa Mombasa, Nairobi na Kisumu walikuwa na pasipoti za Uingereza. Kenya ilipoleta sheria mpya za uhamiaji na vibali vya kazi mwaka 1967, wengi wakaanza kuondoka. Bunge la London likapitisha sheria kwa muda wa siku tatu hivi kuwazuia. Mtu aliyeshika pasipoti ya Uingereza sasa alihitaji kuonyesha uhusiano na nchi yenyewe, kama mzazi au babu aliyezaliwa kule. Pasipoti ilikuwa mkononi, nguvu yake imeondolewa kwa kura.

10/
"Babu yako alizaliwa wapi?" Lishikeni swali hilo, maana halikubaki London.

Watu wengi wa Kisauni, Likoni na Mji wa Kale wanalijua. Unaenda kuomba kitambulisho au pasipoti ya nchi yako, waitishwa cheti cha babu, cha bibi, uambiwe urudi na wazee. Mwenzako mwenye jina la aina nyingine hamaliza saa moja. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliandika ripoti nzima kuhusu utoaji wa vitambulisho mwaka 2007, na suala la jamii kadhaa kuchujwa kuliko wengine limo humo.

11/
Wapo waliosumbuka zaidi. Wamakonde waliletwa na kazi za mashamba ya Kwale kutoka Msumbiji tangu zama za mkoloni. Walizaa, wakazika, wakazaa tena, na bado hawakuwa raia wa popote. Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki. Vitambulisho vyao vikaanza kutoka mwanzo wa 2017. Wapemba wa Kenya walisubiri mpaka 2023.

Asiye na kitambulisho hapati pasipoti, na asiye na pasipoti hafiki hata kwenye foleni ya visa. Kwa hivyo mtu akikuahidi visa, muulize kwanza kuhusu kitambulisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, yasema raia ana haki ya kupata pasipoti. Kifungu cha 39 chasema kila mtu ana haki ya kutoka Kenya. Hizo zote mbili ziko mikononi mwetu, si mwa balozi.

12/
Na majirani? Mwaka 1967 tuliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 ikavunjika, na mpaka wetu na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Kwa mtu wa Likoni huo si mpaka wa ramani tu. Horohoro ni karibu kuliko Nairobi, na Tanga kuna shangazi na wajomba.

Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza 2010. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho tu. Hakuna kampeni ya kelele iliyoleta hilo. Ni mikutano mingi ya kuchosha, na sahihi.

13/
Wakati sisi tunafunguliana taratibu, Ulaya ilikuwa ikifanya mambo mawili kwa pamoja. Machi 1995 nchi za Schengen zilianza kuondoa ukaguzi baina yao. Zilipofungua ndani zikakaza nje: orodha moja ya mataifa ambayo raia wake lazima waombe visa. Kenya imo.

Masharti ya leo ni haya: siku 90 kwa kila siku 180, bima ya angalau yuro 30,000, na ada ya yuro 90 tangu Juni 2024. Hiyo ada ni kama shilingi 13,000, na ukikataliwa hairudi.

14/
Sasa tugeukie swali la Mama: wao wakija? Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz, Changamwe. Kwa miongo watalii walishuka pale wakalipia visa dirishani, wakaingia basi la hoteli. Hakuna aliyeulizwa ana mbuzi wangapi.

Sababu si kwamba sisi ni wakarimu tu. Mtalii huleta pesa, na pesa hizo hulisha Bamburi, Shanzu, Diani. Tukimsumbua, ataenda Zanzibar au Maldives. Anayehitaji mgeni hufungua mlango, anayemwogopa mgeni hufunga. Usawa wa visa hushindwa hapo, hata kabla ya siasa kuanza.

15/
Nao pia wana karatasi yao ya kutubana: tahadhari ya safari. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, mwaka uliofuata Uingereza ilisimamisha kwa muda ndege zake kuja Kenya. Mei 2014 ikawaonya watu wake wasije kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kutoka mkono wa bahari wa Mtwapa mpaka Tiwi. Likoni katikati kabisa. Kampuni za utalii zikawaondoa wageni kwa ndege. Hoteli kadhaa zikafungwa, wapishi na madobi wakarudi nyumbani.

Tahadhari hiyo ilipunguzwa katikati ya 2015. Mnaona? Karatasi iliyoandikwa London yaweza kumfuta kazi mtu wa Shelly Beach ambaye hajawahi kuomba visa maishani.

16/
Sasa tupime madai yanayosikika kwenye mijadala.

DAI: "Tuwalipize! Wakitutoza, tuwatoze."
Yawezekana. Brazil ilirudisha visa kwa Wamarekani, Wakanada na Waaustralia Aprili 2025 kwa hoja hiyo hiyo ya usawa. Lakini anayetoa dai hili huku Pwani aeleze pia nani atalipa mishahara ya hoteli wageni wakipungua. Asipolijibu hilo, anacheza na jazba zenu.

17/
DAI: "Mkitupa kura, visa za Ulaya zitaondolewa."
Orodha ya Schengen ni sheria ya Umoja wa Ulaya. Hakuna mtu wa Nairobi anayeweza kuifuta. Anachoweza ni kujadiliana, na majadiliano huchukua miaka na hudai kitu. Mfano mzuri ni Afrika Kusini. Raia wao waliingia kwetu bila visa kwa muda mrefu huku sisi tukihangaika. Makubaliano yakafikiwa mwishoni mwa 2022, na tangu 1 Januari 2023 Mkenya huingia kule bila visa hadi siku 90 kwa mwaka. Ilichukua muda, lakini ilifanyika.

18/
DAI: "Tumefungua nchi, hakuna visa tena."
Tulikuwa na visa ya mtandaoni tangu 2015. Januari 2024 ikaondolewa, ikaja ETA: fomu ya mtandaoni na ada ya dola 30. Jina la visa likafa, fomu na ada zikabaki. Tena raia wa nchi ambazo zamani ziliingia bure nao wakatakiwa kujaza na kulipa. Malalamiko yakawa mengi, na 2025 karibu nchi zote za Afrika zikaondolewa sharti hilo. Somo: usisikize jina, uliza mtu atajaza nini na atalipa nini.

19/
DAI: "Ujerumani imetupa visa laki mbili na nusu."
Hili lilisambaa sana. Mkataba wa uhamiaji kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa sahihi Berlin Septemba 2024. Ni kweli upo. Lakini serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha ile idadi: mkataba hauna hesabu wala kiwango cha watu. Unahusu watu wenye ujuzi watakaotimiza masharti, na pia kuwarudisha wasio na haki ya kubaki. Sehemu hiyo ya pili haikutajwa sana majukwaani.

20/
DAI: "Nenda Ghuba na visa ya matembezi, kazi utapata huko huko."
Hapa naomba mnisikize sana, maana ndipo watoto wetu wanapoumia. Visa ya matembezi yakufanya mgeni. Ukikamatwa unafanya kazi nayo, mkosaji ni wewe, na ajenti aliyekula pesa yako yuko zake Mombasa anakunywa kahawa. Siku zikipita bila kuibadilisha, faini zaanza kuhesabika, na mkataba wa kazi wa kukulinda huna.

Kabla ya kulipa, angalia kama ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Akikwambia "ukifika uwanja wa ndege sema waenda kutembea tu", huyo ameshakufundisha uongo wa kwanza. Wa pili atakuambia wewe.

21/
Na je, ni ubaguzi? Nitasema nionavyo. Afisa wa visa hamjui Mama. Anachojua ni uraia wake, umri wake, mapato yake, na rekodi ya watu wengine wa nchi yake waliokwenda wakabaki. Mama akahukumiwa kwa safari za watu asiowajua. Marekani wameiandika wazi katika sheria yao ya 1952: mwombaji wa visa ya matembezi huhesabiwa kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo. Mzigo ni wako.

Kila nchi ina haki ya kuchagua mgeni wake, nasi pia twachagua. Lakini kumtoza maskini ada ile ile kisha kumjibu kwa kisanduku kimoja, hilo laweza kubishaniwa na kubadilishwa. Hapo ndipo nataka wanasiasa wetu wapige kelele, si kwenye miujiza.

22/
Kwa hivyo akija kuomba kura, muulizeni maswali ambayo majibu yake yako ndani ya uwezo wake:
– Pasipoti ya mtu wa Likoni itatoka kwa siku ngapi, na ataitishwa cheti cha babu au la?
– Mtawashawishi mabalozi waweke vituo vya visa Mombasa, ili mzee asisafiri mpaka Nairobi kwa alama za vidole tu?
– Mkijadili mikataba, mtadai ada irudishwe, hata nusu, kwa aliyekataliwa?
– Mkataba wa kurudisha watu ukitiwa sahihi, wananchi watausoma kabla au baada?

23/
Na wewe uliyekataliwa: usitupe ile karatasi. Visa ya Schengen ikikataliwa una haki ya kukata rufaa, na utaratibu na muda wake umeandikwa humo humo. Ombi jipya pia laruhusiwa. Usiweke pesa za kuazima benki wiki moja kabla, wanaziona. Usighushi barua. Kukataliwa kwa kukosa ushahidi kunasahihishika. Kukamatwa na hati bandia kutakufuata miaka mingi.

24/
Mama hakukata rufaa. Alisema elfu thelathini na zaidi zimeshaliwa, hatawapa tena. Kaka akaamua wao ndio watakaokuja.

Desemba walishuka Moi. Mtoto ana mwaka mmoja na kidogo, na kwa Katiba yetu ni Mkenya, lakini alisafiri na pasipoti ya kule. Fomu ilijazwa kwa simu, hakuna aliyeitaka taarifa yake ya benki. Mama alikuwa pale nje tangu saa moja asubuhi na leso mpya. Alipomchukua alimpekua ile pasipoti ndogo nyekundu, akaitazama picha, akacheka, akanirudishia.

"Huyu," akaniambia, "ndiye mkubwa wangu kwa karatasi."

Mwenye swali aweke hapa chini. Mwenye kisa chake pia akiseme, ila msitaje majina ya maafisa. Tujadiliane.